Mkondo Uliokataa Kutulia: Mwanafunzi, Msimamizi na Utafiti wa Shahada ya Uzamivu

Mwanafunzi wa sekondari anapopewa hesabu huwa na yakini ya jambo moja: jibu lipo. Huenda limechapishwa nyuma ya kitabu, au limo katika daftari la mwalimu, lakini lipo. Akikosea, kosa ni lake, na mwalimu aweza kumwonyesha mstari ule alipopotoka. Hali hii huendelea mpaka shahada ya kwanza, na kwa kiasi kikubwa hata shahada ya pili.

Katika shahada ya uzamivu, yaani udaktari wa falsafa, yakini hiyo huondoka. Mtahiniwa hupewa swali ambalo jibu lake halijaandikwa popote, na msimamizi wake pia halijui. Matokeo yasipolingana na matarajio, hakuna awezaye kusema mara moja kama kosa ni la mwanafunzi, au la chombo, au la nadharia. Au kama hakuna kosa lolote, na maumbile yenyewe ndiyo yanayosema. Kutenganisha mambo hayo ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika utafiti, na ndiyo sababu mtafiti mchanga huwekewa msimamizi.

Jambo hili hueleweka vizuri zaidi kwa kuutazama mfano mmoja wa kweli. Mfano huo ulitokea katika mji wa Göttingen, Ujerumani, katika miaka ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ambapo mwanafunzi mmoja alihangaika na mfereji wa maji uliokataa kutulia.

KIKUNDI CHA GÖTTINGEN

Hisabati tumizi si hisabati iliyorahisishwa. Anayeishughulikia huanza na jambo la dunia: daraja, bawa la ndege, maji katika bomba, au ueneaji wa ugonjwa. Kwanza hulivua jambo hilo yale yasiyo ya lazima. Pili, huliandika kwa milinganyo. Tatu, huitatua milinganyo hiyo, kwa fomula au kwa tarakimu. Nne, hurudi kwenye jambo lenyewe kulinganisha jibu na vipimo. Mwenye kuishia hatua ya tatu amefanya nusu ya kazi.

Mwanahisabati Felix Klein aliamini kwamba chuo kikuu hakina budi kuzikutanisha hatua hizo nne mahali pamoja. Mwaka 1898 alisaidia kuanzisha chama kilichowaunganisha wataalamu wa Göttingen na wenye viwanda, na mwaka 1904 aliwaleta chuoni hapo watu wawili. Wa kwanza alikuwa Carl Runge, aliyepewa uprofesa wa hisabati tumizi. Jina lake lingali linatajwa kila siku na wanaotatua milinganyo kwa tarakimu kwa njia ya Runge na Kutta. Wa pili alikuwa Ludwig Prandtl, mhandisi ambaye alikuwa hajatimiza miaka 30.

Prandtl alikuja na swali aliloliokota kiwandani. Alipokuwa akifanya kazi katika kiwanda cha mitambo huko Nuremberg, alipewa kazi ya kurekebisha mabomba ya kunyonya takataka za chuma na mbao. Aliona kwamba bomba linapopanuka ghafla, hewa haifuati ukuta wa bomba bali hubanduka na kwenda njia yake. Nadharia ya wakati ule haikuweza kueleza sababu. Tangu karne ya 18, d'Alembert alikuwa amekwisha kuonyesha kuwa ukiuchukulia ugiligili kana kwamba hauna mnato kabisa, hesabu inatoa jibu la ajabu: kitu kinachokwenda kwa mwendo usiobadilika ndani yake hakizuiwi hata kidogo. Kila mvuvi anayepiga kasia anajua kwamba hivyo sivyo.

Mwezi Agosti 1904, katika mkutano wa wanahisabati wa dunia uliofanyika Heidelberg, Prandtl alitoa jibu lake kwa dakika 10 tu. Mnato wa maji au hewa, alieleza, ni mdogo sana na waweza kusahauliwa karibu kila mahali, isipokuwa katika tabaka jembamba linalogusa kitu chenyewe. Hapo mpakani ugiligili hushikamana na kitu na kusimama kabisa. Umbali mdogo kutoka hapo, huwa na mwendo wake wote. Tabaka hili la mpakani ndilo linalozaa ukinzani. Tena, likisukumwa kwenda mahali penye kanieneo kubwa zaidi, hupungukiwa nguvu, husimama, na kubanduka.

Wazo hilo liliandikwa katika kurasa 8. Kulitumia kulihitaji kazi ya miaka mingi na mikono mingi. Hapo ndipo walipoingia wanafunzi wa uzamivu.

KAZI YA KWANZA YA MSIMAMIZI: KUKATA SWALI

Msimamizi mwema hampi mwanafunzi bahari nzima aivuke. Humkatia swali ambalo ni dogo kiasi cha kumalizika kwa miaka michache, lakini kubwa kiasi cha kustahili kumalizwa. Kulikata swali hivyo ni ufundi. Likiwa jepesi mno, mwanafunzi hajifunzi utafiti. Likiwa zito mno, hupoteza ujana wake bila tasnifu.

Heinrich Blasius, mmoja wa wanafunzi wa kwanza wa Prandtl, alipewa hali iliyo rahisi kuliko zote: bapa laini, jembamba, lililolala sambamba na mkondo. Katika tasnifu yake iliyochapishwa mwaka 1908 alionyesha kuwa unene wa tabaka la mpakani hukua kwa kipeuo cha pili cha umbali kutoka ncha ya mbele: umbali ukizidishwa mara nne, unene huzidi mara mbili. Chukua bapa lenye urefu wa nusu mita katika upepo wa mita 5 kwa sekunde. Kwa kanuni yake, tabaka hilo mwishoni mwa bapa lina unene wa milimita 6 hivi. Hesabu hizo alizifanya kwa kalamu na karatasi. Baadaye Blasius aliacha utafiti, akawa mwalimu wa chuo cha ufundi huko Hamburg kwa miaka mingi. Lakini hakuna kitabu cha mwendo wa maji na hewa kisichoanza somo hili kwa bapa lake.

Baada ya bapa, hatua iliyofuata ilikuwa kitu chenye mviringo. Hilo ndilo lililomwangukia Karl Hiemenz.

MCHEDUARA WA HIEMENZ

Hiemenz alitakiwa kujenga mfereji wa maji, kusimamisha ndani yake mcheduara, yaani kitu chenye umbo la nguzo ya mviringo, na kupima kanieneo kuuzunguka. Vipimo hivyo vingeingizwa katika milinganyo ya Prandtl, na milinganyo ingetabiri mahali hasa ambapo mkondo ungebanduka kutoka kwenye mcheduara. Kisha angetazama kwa macho kama unabandukia hapo. Mpango ulikuwa safi: utabiri upande mmoja, kipimo upande wa pili.

Mkondo haukukubali. Kila alipofungulia maji, sehemu ya nyuma ya mcheduara iliyumba kushoto na kulia bila kukoma, na vipimo viliyumba pamoja nayo. Hiemenz alikwenda kwa msimamizi wake. Prandtl alimjibu kwamba bila shaka mcheduara wenyewe haukuwa wa mviringo kamili. Mwanafunzi alirudi karakanani, mcheduara ukachongwa upya kwa uangalifu mkubwa. Maji yaliendelea kuyumba. Alipoeleza tena, aliambiwa kuwa pengine mfereji haukuwa na ulinganifu, upande mmoja ukizidi mwingine. Akaanza kuurekebisha mfereji. Maji yaliendelea kuyumba.

Ni vema kuitafakari hali ya kijana huyu. Shahada yake ilitegemea mkondo uliotulia. Kila siku ya kuyumba ilikuwa kama ushahidi dhidi ya mikono yake: kwamba hajui kuchonga, hajui kupanga, hajui kupima. Wala haifai kumlaumu msimamizi kwa haraka. Mtafiti asiyekitilia shaka chombo chake kwanza atatangaza uvumbuzi kila wiki, na kila wiki ataumbuka. Kumwambia mwanafunzi akague tena ni sehemu ya usimamizi mwema. Swali gumu ni hili: akague mara ngapi kabla ya kukubali kuwa chombo hakina kosa?

MTU ALIYEPITA MLANGONI

Katika kikundi hicho alikuwapo kijana kutoka Hungaria, Theodore von Kármán. Naye alikuwa amepata udaktari wake kwa Prandtl mwaka 1908, si kwa utafiti wa maji bali wa kupinda kwa nguzo zinazobeba mzigo, kisha akabaki hapo kama msaidizi. Mfereji haukumhusu. Lakini kila asubuhi alipopita alimwuliza Hiemenz kama mkondo umetulia, na kila asubuhi Hiemenz alimjibu kwa huzuni kuwa unayumba tu.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Von Kármán, ambaye hakuwa na mcheduara wa kuchonga, aliligeuza swali. Ikiwa mkondo unayumba kila mara, hata baada ya kila kitu kurekebishwa, basi huenda kuyumba si dosari ya chombo. Huenda ni tabia ya maji yenyewe, yenye sababu inayoweza kukokotolewa. Kwa mujibu wa maelezo yake mwenyewe, alikaa na hesabu hiyo mwisho wa juma moja.

Nyuma ya mcheduara, tabaka lililobanduka hujikunja na kufanya visulisuli vya maji, baadhi vikizunguka kufuata mwendo wa akrabu za saa na vingine kinyume chake. Von Kármán alivichora kama safu mbili ndefu zinazokwenda sambamba. Kila kisulisuli husukumwa na vingine vyote. Kisha akauliza swali la uthabiti: kimoja kikisogea kidogo kutoka mahali pake, je, safu zitajirekebisha au zitavunjika? Ni sawa na kuuliza juu ya goroli. Goroli lililomo ndani ya bakuli likiguswa hurudi mahali pake. Lililowekwa juu ya bakuli lililofunikwa likiguswa huanguka, ingawa kabla ya kuguswa lilikuwa limesimama.

Jibu lilikuwa la kushangaza kwa uwazi wake. Visulisuli vikikabiliana wawili wawili, kushoto na kulia kwa wakati mmoja, mpango huo huvunjika daima. Vikipishana, kimoja kushoto kisha kimoja kulia, kama nyayo za mtu atembeaye, navyo huvunjika, isipokuwa kwa uwiano mmoja tu: umbali baina ya safu mbili ukigawanywa kwa umbali baina ya visulisuli vya safu moja uwe 0.281. Katika hesabu ya kwanza alikuwa ameruhusu visulisuli vichache tu visogee na vingine vikae. Baadaye aliviacha vyote viwe huru, na ndipo tarakimu hiyo ilipopatikana. Makala zake zilitokea mwaka 1911 na 1912.

Maana yake kwa Hiemenz ilikuwa kubwa. Mkondo uliotulia upo katika karatasi, kama goroli juu ya bakuli lililofunikwa, lakini katika mfereji haudumu. Kama maji yangekwenda polepole sana yangetulia. Kipimo chake hupatikana kwa kuzidisha mwendo kwa kipenyo na kugawanya kwa mnato wa ugiligili: kikipita 50 hivi, visulisuli huanza kupishana, na mfereji wa Hiemenz ulikuwa umepita mpaka huo mbali sana. Kwa hiyo mcheduara haukuwa na kosa, mfereji haukuwa na kosa, wala mikono ya Hiemenz. Kilichokuwa na kosa ni matarajio.

JINA NA HAKI

Mpango huo wa visulisuli huitwa mpaka leo njia ya visulisuli ya Kármán. Je, ni haki? Yeye mwenyewe hakudai kuwa wa kwanza kuviona. Aliwahi kueleza kwamba katika kanisa moja la Bologna, Italia, aliona picha ya kale ya Mtakatifu Christopher akivuka mto, na nyuma ya mguu wake mchoraji amechora visulisuli vinavyopishana. Tena Mfaransa Henri Bénard alikuwa amekwisha kuvichunguza na kuchapisha habari zake mwaka 1908, na alilalamika kuwa amesahauliwa. Von Kármán alilimaliza jambo hilo kwa mzaha, akipendekeza kuwa njia hiyo iitwe kwa jina lake London na Berlin, na kwa jina la Bénard mjini Paris. Alichodai ni sababu: kwa nini vinapishana, na jinsi ya kukokotoa kutoka kwao nguvu inayokizuia kitu kwenda mbele.

Na Hiemenz? Tasnifu yake ilikamilika mwaka 1911. Kwa kanieneo alizopima, milinganyo ilitabiri kuwa mkondo utabanduka kwenye pembe ya digrii 82 kutoka sehemu ya mbele kabisa ya mcheduara. Macho yake yaliona 81. Wazo la Prandtl lilikuwa limepita mtihani wake. Zaidi ya hayo, Hiemenz aliutatua mlinganyo wa mkondo unaogonga uso na kugawanyika pande mbili, na suluhisho hilo huitwa kwa jina lake hata sasa. Mwanafunzi aliyedhaniwa hajui kuchonga aliacha tarakimu zilizodumu zaidi ya karne moja.

NYAYA, MINARA NA MADARAJA

Visulisuli hivi havimo maabarani tu. Upepo ukipita kwenye waya wa simu, waya huimba. Mwanafizikia wa Kicheki Vincenc Strouhal alipima sauti hiyo mwaka 1878. Kwa waya wa mviringo, idadi ya mitetemo kwa sekunde ni karibu 0.2 mara mwendo wa upepo, ikigawanywa kwa kipenyo. Waya wa milimita 3 katika upepo wa mita 6 kwa sekunde hutoa mitetemo 400 kwa sekunde, sauti ambayo sikio huisikia vizuri. Minara mirefu ya moshi mara nyingi huzungushiwa mabati yaliyopinda kama ngazi ya mzunguko, ili visulisuli visipishane kwa mpango na kuutikisa mnara. Vipo pia vyombo vinavyopima wingi wa maji au gesi katika bomba kwa kuhesabu visulisuli vinavyopita.

Tarehe 7 Novemba 1940, daraja la Tacoma Narrows nchini Marekani lilivunjika katika upepo wa kilometa 67 hivi kwa saa, miezi minne tu baada ya kufunguliwa. Von Kármán alikuwa mmoja wa wataalamu watatu walioteuliwa kuchunguza. Vitabu vingi vya shule vilieleza baadaye kwamba visulisuli vilitokea kwa mdundo uleule wa daraja, likazidi kutikisika mpaka likakatika. Maelezo haya yanavutia, lakini tarakimu hazikubali. Kwa upepo ule na umbo lile, visulisuli vingetokea kama mara 1 kwa sekunde, ilhali daraja lilikuwa likijipinda mara 1 kwa kila sekunde 5. Makala moja ya mwaka 1991 ilisisitiza kuwa daraja lenyewe, kwa kujipinda, lilikuwa likivuta nguvu kutoka katika upepo na kujiongezea msukosuko. Hapa tena funzo ni lile lile: maelezo yaliyozoeleka hayana budi kupimwa upya, hata yakiwa na jina kubwa nyuma yake.

JARIBIO LA DARASANI

Walimu waweza kuwaonyesha wanafunzi mkondo wa Hiemenz kwa vifaa vya nyumbani. Chukua sinia pana na utie maji ya kina cha sentimita 2. Acha yatulie kabisa, kisha nyunyiza juu yake pilipili manga iliyosagwa laini. Shika wima kijiti cha mviringo chenye kipenyo cha sentimita 1, ukitumbukize, na ukiburute taratibu kwa mwendo wa sentimita 2 kwa sekunde, bila kutikisa mkono. Chembe za pilipili zitaonyesha visulisuli vikitokea kushoto na kulia kwa zamu. Kwa kanuni ya Strouhal, umbali kati ya kisulisuli na kinachokifuata upande uleule hukaribia sentimita 5. Wanafunzi wapime, na wasipopata tarakimu hiyo wajiulize: kosa ni la mkono, la sinia iliyo nyembamba, au la kanuni? Katika swali hilo watakuwa wameonja utafiti.

USIMAMIZI NI SILSILA

Prandtl mwenyewe alisimamiwa na August Föppl huko Munich, naye alisimamia tasnifu zaidi ya 80 katika maisha yake. Von Kármán alikwenda Aachen, kisha California, na miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Qian Xuesen, aliyepata udaktari mwaka 1939 na baadaye kuongoza kazi ya roketi nchini China. Silsila ya namna hii hairithishi fomula tu, kwa maana fomula zimo vitabuni. Hurithisha namna ya kuuliza.

Kwa hiyo mwanafunzi anayetamani kufika ngazi hiyo ajiandae kwa jambo ambalo mitihani haimfundishi: kukaa na jibu lisilotarajiwa bila kulificha na bila kulishangilia. Na mwalimu, hata wa kidato cha kwanza, aweza kuanza maandalizi hayo mapema. Mwanafunzi akileta kipimo kisicholingana na kitabu, ni haki kumwambia arudie. Lakini akirudia kwa uangalifu, mara ya pili na ya tatu, na kipimo kikabaki palepale, haifai kumlazimisha aandike tarakimu ya kitabu. Huo ndio wakati wa mwalimu na mwanafunzi kuketi pamoja na kuuliza maji yanasema nini.